Nani Aliyepanga Shindano? Upokezi wa Riwaya ya Battle Royale Ufuoni Usenge

Utangulizi

Walimu wa fasihi tuna mazoea ya kuuliza swali moja kila tunapomaliza riwaya darasani: "Mmejifunza nini?" Wanafunzi hujibu jinsi tulivyowazoeza. Hutaja maudhui matano, sifa nne za mhusika mkuu na mbinu tatu za lugha, kisha hufunga kitabu. Ni nadra tuwaulize walihisi nini walipokuwa wakisoma. Ni nadra zaidi tuwaulize walimwona nani katika ukurasa.

Makala haya yanahusu riwaya ambayo haimo katika orodha ya vitabu teule, na sidhani kama itawahi kuwamo. Ni Battle Royale ya mwandishi Mjapani Koushun Takami, riwaya ya kutisha kuhusu wanafunzi wanaolazimishwa na serikali kuuana mpaka abaki mmoja. Nitaeleza kwa ufupi jinsi wasomaji wa kwanza walivyoipokea huko Japani, jinsi riwaya nyingine ya jamii hiyo ilivyopokewa kwingineko, na kisha jinsi wanachama wa Chama cha Kiswahili katika shule ninayofundisha hapa Usenge walivyoipokea nilipowasimulia. Hoja yangu ni kwamba wasomaji wa riwaya za aina hii hugawanyika kulingana na swali wanalouliza. Wapo wanaouliza, "Nani atashinda?" Wapo wanaouliza, "Nani aliyepanga shindano?" Mazoea yetu ya mtihani huwafanya wanafunzi kuwa hodari wa swali la kwanza. Nilichojifunza ni kwamba swali la pili wanalo tayari; ni sisi tusiowapa nafasi ya kuliuliza.

Riwaya yenyewe

Hadithi inatokea katika dola la kubuni liitwalo Jamhuri ya Asia Mashariki Kuu, linalotawaliwa kwa mkono wa chuma. Kila mwaka jeshi huchagua madarasa kadhaa ya shule na kuyaingiza katika kile kinachoitwa Programu. Darasa tunalolifuata lina wanafunzi 42, wavulana 21 na wasichana 21, wa umri wa miaka kumi na mitano hivi. Wamo ndani ya basi wakidhani wanakwenda ziara ya masomo. Wanapuliziwa dawa ya usingizi na kuamka kisiwani, kisiwa ambacho wakazi wake wameondolewa. Kila mmoja amefungwa mkufu wa chuma shingoni, na ndani ya mkufu mna kilipuzi. Kila mmoja anapewa begi lenye chakula kidogo, maji, ramani na silaha ambayo hakuichagua. Mmoja hupata bunduki, mwingine hupata kitu kisichofaa hata kuulia panya. Sehemu za kisiwa hufungwa moja baada ya nyingine, na atakayekutwa humo mkufu wake hulipuka. Ikipita siku nzima bila mtu kufa, mikufu yote italipuka kwa pamoja.

Mwalimu mwenzangu atatambua mara moja kwamba mtunzi hakuacha mlango wa kutorokea. Hata kukataa kucheza ni kufa. Katika hali hiyo anatuonyesha watoto mmoja mmoja: wapenzi wanaochagua kujirusha kutoka kwenye jabali, wasichana wawili wanaopanda kilimani na kipaza sauti kuwasihi wenzao waache kuuana, na mvulana asiye na hisia anayewaua wasichana hao. Mhusika mkuu, Shuya Nanahara, anashikamana na msichana Noriko Nakagawa na mvulana mmoja, Shogo Kawada, aliyewahi kuponea Programu iliyotangulia.

Kuna mbinu moja inayohitaji kutajwa mapema. Kila sura inapoisha, mtunzi huandika idadi ya wanafunzi waliobaki. Idadi hiyo hushuka kama maji ya mtungi uliopasuka. Msomaji hujikuta akiitafuta kabla hajamaliza sura. Hapo ndipo mtunzi anapomnasa, kwani msomaji aliyeanza kwa kuchukizwa na hesabu ile sasa anaifuatilia kwa hamu.

Wasomaji wa kwanza

Takami aliipeleka kazi yake katika tuzo ya riwaya za kutisha nchini Japani. Ilifika hatua ya mwisho mwaka 1998, lakini majaji waliikataa kwa sababu ya yaliyomo: watoto wa shule wakiuana kwa amri ya serikali. Hatuna budi kukumbuka wakati huo. Mwaka 1997 mji wa Kobe ulikuwa umeshtushwa na mvulana wa miaka 14 aliyewaua watoto wawili. Jamii iliyokuwa ikijiuliza imewalea vipi watoto wake haikuwa tayari kwa hadithi kama hiyo.

Riwaya ilichapishwa mwaka 1999 na shirika jingine, nayo ikanunuliwa kwa wingi, hasa na vijana. Filamu yake ilipokaribia kutoka mwishoni mwa mwaka 2000, baadhi ya wabunge waliilaani. Ilionyeshwa hata hivyo, ila walio chini ya umri wa miaka 15 hawakuruhusiwa kuitazama. Yaani watoto wa umri wa wahusika wenyewe ndio waliofungiwa mlango.

Mwelekezi wa filamu hiyo, Kinji Fukasaku, alikuwa msomaji wa aina nyingine. Alizaliwa mwaka 1930. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikielekea mwisho alikuwa mvulana wa shule aliyepelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha silaha. Kiwanda kiliposhambuliwa mwaka 1945, yeye na wenzake waliobaki hai ndio waliozoa maiti za marafiki zao. Alieleza waziwazi kwamba alipoisoma riwaya hii aliikumbuka siku hiyo. Mahali ambapo wabunge waliona kitabu kinachowafunza watoto kuua, mzee huyu aliona kitabu kinachosema ukweli kuhusu watu wazima waliowatuma watoto kufa.

Mwanazuoni Mjerumani Hans Robert Jauss alituachia dhana ya upeo wa matarajio: kila msomaji hukijia kitabu akiwa na yale aliyokwisha kuyasoma na kuyaishi, na maana huzaliwa pale kitabu kinapokutana na upeo huo. Mfano mmoja unatosha. Ofisa anayesimamia Programu katika riwaya anaitwa Kinpatsu Sakamochi. Kwa msomaji wa Kenya hilo ni jina tu. Kwa Mjapani ni dhihaka, kwa sababu linacheza na jina la mwalimu mpendwa wa kipindi cha televisheni kilichoanza mwaka 1979, mwalimu mpole anayewatetea wanafunzi wake. Takami amemchukua mwalimu huyo na kumgeuza mnyongaji. Dhihaka hii hupotea kabisa katika tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 2003, na mimi mwenyewe nisingeijua kama nisingeielezwa.

Shindano jingine, wasomaji wengine

Wanafunzi wengi wa leo huijua hadithi ya aina hii kupitia kazi nyingine, The Hunger Games ya Mmarekani Suzanne Collins, iliyotoka mwaka 2008. Humo watoto 24 kutoka wilaya 12 hutolewa kafara kila mwaka kuuana mbele ya kamera. Upokezi wake unatupa mafunzo mawili.

La kwanza ni la kusikitisha. Filamu ilipotoka mwaka 2012, baadhi ya wasomaji wa Marekani walilalamika hadharani kwamba Rue, msichana mdogo ambaye kifo chake kinaliza sana, ameigizwa na mtoto mweusi. Kitabu chenyewe kilikuwa kimeeleza wazi kwamba ngozi ya Rue ni ya rangi ya kahawia iliyokolea. Wasomaji hao walikuwa wamesoma na kulia, lakini walikuwa wamemlilia mtoto waliyemchora wenyewe kichwani. Nimeutumia mfano huu mara nyingi darasani kuonyesha kwamba machozi peke yake si ushahidi wa usomaji makini.

La pili lilitokea Tailandi. Baada ya jeshi kupindua serikali mwezi Mei 2014, waandamanaji waliinua vidole vitatu, ishara ya ukaidi inayotoka katika hadithi hiyo, na watawala wakaonya kwamba wanaoinyanyua wangeweza kukamatwa. Wasomaji hawa hawakuuliza nani alishinda mchezo. Walimtambua mwenye mchezo.

Hadhira ya Usenge

Nakala yangu ya Battle Royale niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba mjini Kisumu. Ilikuwa moja, tena ya Kiingereza. Sikuweza kuwapa wanafunzi arobaini. Kwa hiyo kila Jumatano alasiri, katika kikao cha Chama cha Kiswahili, niliwasimulia sehemu moja kwa Kiswahili, nikiziruka picha za damu zisizohitajika na kuyaacha matendo. Riwaya ikageuka sigana, kama wasemavyo wenyeji wa hapa. Hatua hiyo ilikuwa na faida ambayo sikuitarajia. Msomaji wa kitabu hukaa kimya na kitabu chake, lakini katika fasihi simulizi tuna hadhira tendi, ambayo ina haki ya kumkatiza fanani. Nao walinikatiza.

Itikio la kwanza lilikuwa la kufananisha. Kabla sijafika mbali, wavulana walisema hii ni Squid Game, tamthilia ya Korea Kusini ya mwaka 2021 waliyoitazama kwa simu. Nikawaacha wabishane. Baada ya dakika chache msichana mmoja wa kidato cha pili aliona tofauti: katika ile ya Korea watu wazima wenye madeni hukubali wenyewe kuingia, ila hawa wa Takami wametekwa. Mwenzake akampinga. Alisema mtu mwenye deni la nyavu na injini hajakubali kwa hiari yake. Katika kijiji cha wavuvi hoja hiyo haikuhitaji ufafanuzi. Hiari na lazima ni maudhui mazito ambayo nimeyahangaikia miaka kadhaa kwa mifano ya vitabuni, na hapa yaliibuka bila mimi kuyataja.

Itikio la pili lilihusu mandhari. Nilipotaja kisiwa kilichoondolewa watu, macho yote yaligeukia dirishani, upande wa ziwa. Kutoka Usenge mashua huvusha watu kwenda kisiwa cha Mageta. Wanafunzi kadhaa kwao ni huko. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na kambi ya kizuizi Mageta, ambako wafungwa waliohusishwa na Mau Mau waliletwa kutoka mbali, wakazungushiwa maji mahali pa ukuta. Mvulana mmoja wa kisiwani humo aliwaeleza wenzake aliyoyasikia kwa babu yake kuhusu wafungwa hao. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema tena kwamba hadithi hii haiwezekani. Wahakiki huiita kazi kama hii riwaya ya kubuni jamii iliyoharibika, nasi huwafunza wanafunzi kwamba jamii hiyo iko mbali, katika wakati ujao. Kwa watoto hawa ilikuwa imekwisha kupita, tena mkabala na madirisha yao.

Mchuzi wa mnarani

Kilele cha masimulizi yetu kilikuwa tukio la mnara wa taa. Wasichana sita wamejificha ndani ya mnara wa kuongozea meli. Wanapika, wanalinda zamu, wanacheka kidogo. Wamempokea Shuya akiwa amejeruhiwa. Mmoja wao, aliyemwona Shuya katika tukio la kifo akalielewa vibaya, anamwogopa, naye anatia sumu katika chakula chake. Kwa bahati mbaya mwenzao mwingine anakionja na kuanguka. Papo hapo urafiki unageuka. Kila mmoja anamshuku mwenziwe, bunduki inanyakuliwa, na kwa dakika chache karibu wote wamekufa. Mtia sumu anabaki peke yake, na majuto yanamtupa kutoka juu ya mnara.

Nilitarajia wanafunzi wamlaumu mtia sumu. Ndivyo jedwali langu la sifa za wahusika lilivyokuwa: mwoga, mwenye shuku, msababisha maafa. Badala yake walinyamaza muda mrefu. Kisha mmoja akasema ile methali ya vita vya panzi kuwa furaha ya kunguru. Mwingine akaenda mbali zaidi, akasema kwamba tumezoea kuambiwa tembo wakipigana nyasi ndizo huumia, lakini hapa nyasi zimepiganishwa na tembo wameketi wanatazama. Nimesahihisha insha nyingi za fasihi na sikumbuki kukutana na maelezo bora kuliko hayo ya namna utawala wa riwaya hii unavyofanya kazi. Riwaya yenyewe inadokeza kwamba lengo la Programu si utafiti wa kijeshi kama inavyodaiwa. Lengo ni raia wote wajue kuwa hata rafiki wa darasani anaweza kukuua, ili asitokee mtu wa kumwamini mwenzake kiasi cha kuasi pamoja naye.

Ni tukio hili lililotupeleka kwenye riwaya wanayoijua walimu wote wa Kenya, Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014), iliyotahiniwa kwa miaka kadhaa kabla ya Nguu za Jadi. Humo Ridhaa anapoteza jamaa zake katika moto uliowashwa na jirani, Mzee Kedi, baada ya uchaguzi. Darasani tumekuwa tukiandika "ukabila" na "usaliti" mbele ya jina la Kedi, tukapata alama zetu. Lakini tukimsoma kando ya wasichana wa mnarani, swali linabadilika. Nani alimfunga Kedi mkufu ule? Nani alimwambia kwamba jirani akibaki hai yeye atakufa? Uchaguzi ulikuwa shindano. Waliogombea viti hawakuchoma nyumba kwa mikono yao, na wengi wao walirudi kuketi meza moja. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za 2007 na 2008. Kisumu ni miongoni mwa miji iliyozika. Wanafunzi wangu wa sasa hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa wachanga migongoni mwa mama zao. Hata hivyo ndio walioiona njia kutoka kisiwa cha Takami hadi kwa Ridhaa.

Sisemi kwamba Kedi hana hatia. Uhakiki unaomwondolea muuaji dhima ni uhakiki wa uongo, na Takami mwenyewe hauruhusu, kwani anatuonyesha watoto waliokataa kuua wakijua watakufa. Nasema tu kwamba tukiishia kwa Kedi tumesoma nusu ya kitabu.

Mama kutoka ufuoni

Si kila itikio lilinifurahisha. Katika wiki ya tano mama mmoja anayeuza omena alikuja shuleni. Binti yake alikuwa akiwasimulia wadogo zake nyumbani kila niliyoyasimulia. Sasa watoto hao walikuwa wamefunga vipande vya nyavu kuukuu shingoni na kucheza mchanganyiko wa kujificha na kuuana ufuoni, wakipiga hesabu ya waliobaki. Aliniita japuonj, mwalimu, kwa heshima ile ile ya siku zote, lakini macho yake hayakuwa na mzaha. Aliniuliza kama hiyo ndiyo kazi aliyonilipia karo.

Nakiri kwamba sikuwa na jibu. Katika nchi ambako mabweni yamechomwa na wanafunzi, ambako wavulana 67 waliteketea Kyanguli mwaka 2001 katika moto uliowashwa na wenzao, mzazi anayeogopa hadithi ya watoto wanaouana si mshamba. Ana sababu zile zile walizokuwa nazo majaji wa mwaka 1998. Tukiwadharau wasomaji wa aina hii katika makala zetu tunajidanganya. Hofu nayo ni usomaji.

Nilimwomba ahudhurie kikao kimoja kabla hajaamua. Alikuja, akaketi nyuma karibu na mlango, na bahati ikawa ndiyo siku ya mnara. Nilipomaliza, aliuliza swali kwa Dholuo, wanafunzi wakamtafsiria aliyekuja kufundisha kutoka mkoa mwingine, yaani mimi. Wazazi wa watoto hawa walifanya nini? Nikamweleza kwamba hupewa taarifa tu, na wanaopinga hupigwa au kuuawa. Akatikisa kichwa. Hakuwa akiuliza juu ya hao. Alikuwa akiuliza juu ya wale ambao darasa la watoto wao halikuchaguliwa mwaka huo. Je, siku ya pili walikwenda sokoni?

Riwaya haijibu. Wolfgang Iser angesema hapo ni pengo ambalo msomaji ndiye wa kulijaza. Mimi nilikuwa nimeisoma mara mbili na pengo hilo sikuliona, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kuhesabu waliobaki. Mama yule hakunipa idhini kwa maneno, ila binti yake aliendelea kuja. Na mimi nilibadilisha masimulizi: tangu siku hiyo niliacha kutaja idadi mwishoni mwa kila sehemu. Wanafunzi waliilalamikia hatua hiyo kwa wiki moja, kisha wakaanza kutaja majina.

Walimu wawili

Nimeliweka la mwisho jambo linalotuhusu sisi. Riwaya ina walimu wawili. Wa kwanza ni Hayashida, mwalimu wa darasa lenyewe. Aliposikia wanafunzi wake wamechaguliwa alipinga, akauawa, na maiti yake ikaletwa mbele ya darasa ili watoto waelewe. Hana nafasi kubwa katika msuko. Wa pili ni Sakamochi, aliyevaa na kuongea kama mwalimu mchangamfu. Kila baada ya saa sita sauti yake husikika kisiwa kizima ikisoma majina ya waliokufa tangu tangazo lililopita, na kuwahimiza waliobaki waongeze bidii.

Nilipoiigiza sauti ya Sakamochi, nikijitahidi kuifanya ya uchangamfu, wanafunzi walicheka. Mvulana mmoja wa kidato cha tatu hakucheka. Alisema sauti hiyo anaijua, ni ya gwarideni siku ya kusomwa matokeo. Nami nikacheka, nikidhani ni utani. Wenzake walikuwa wameacha kucheka.

Ni lazima mhakiki aseme tofauti ilipo. Mtihani si kisiwa. Hakuna anayekufa kwa kuwa wa mwisho darasani, na mwanafunzi akifaulu hajamzuia jirani yake kufaulu. Ulinganisho wa mvulana yule una chumvi. Lakini chumvi huonyesha ladha iliyokuwamo. Katika KCSE ya mwaka 2024 ni watahiniwa wapatao robo moja tu waliopata alama ya C+ na kuendelea, kiwango kinachofungua mlango wa chuo kikuu. Robo tatu waliobaki tunawaandaaje? Sisi ndio tunaowaambia kila asubuhi kwamba aliye kando yako ni mshindani wako. Sisi ndio tunaosoma orodha. Na tunaisoma kwa uchangamfu.

Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alitupa njia nyingine ya kuandika kuhusu utawala unaoua. Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani ndani ya chombo, lakini badala ya kufa anafika katika nchi ambayo jina lake lenyewe linasema kwamba wale ni sisi. Mkangi, aliyewekwa kizuizini miaka ya 1980, alijua hukumu ni nini, ila alichagua kumwonyesha msomaji jamii iliyo kinyume na ile iliyomhukumu Dzombo. Takami hatupi nchi hiyo. Vijana wake wawili wanaotoroka hawana pa kwenda ila kuendelea kukimbia. Nilipowauliza wanafunzi wangu ni mtunzi yupi aliyewatendea haki wasomaji wake, waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Waliomchagua Takami walisema Mkangi amewafariji mapema mno. Waliomchagua Mkangi walisema mtu aliyeonyeshwa kisiwa tu atadhani dunia yote ni kisiwa. Sikuwapa jibu, na sina.

Hitimisho

Sipendekezi Battle Royale iingizwe katika vitabu teule. Ina damu nyingi kuliko inayohitajika, na baadhi ya wahusika wake, hasa wasichana, wamechorwa kwa jicho ambalo mwalimu makini atalihoji. Ninachopendekeza ni kwamba tunapofundisha riwaya yoyote yenye mapambano, tusianze kwa mshindi. Tuwape wanafunzi nafasi ya kuitikia kabla ya kuwapa jedwali la sifa. Tuwaulize kanuni za mchezo ziliandikwa na nani, nani anafaidika zikifuatwa, na nani alikwenda sokoni siku ya pili. Maswali haya hayawapunguzii alama katika karatasi ya tatu. Mwanafunzi anayeweza kuyajibu kuhusu Kedi ataeleza maudhui ya ukabila vizuri kuliko aliyekariri.

Matokeo ya mwisho wa muhula bado husomwa gwarideni katika shule yetu, na si mimi ninayeamua. Zamu ya kuyasoma iliponifikia muhula uliopita, niliyasoma kwa mpangilio wa majina bila nafasi za ushindi. Mwalimu mmoja aliniuliza baadaye kwa nini nimeharibu utamu. Nimemwazima kitabu.